Udongo Chini ya Kitanda

Asubuhi ya kwanza ya bwana yangu kuwa mwanafunzi tena, aliamka saa zile zile za kazi, akavaa kaki yake na buti, akanywa chai akiwa amesimama, akachukua kofia. Alipofika mlangoni akasita. Hapakuwa na pa kwenda. Projeti ya kilimo aliyoitumikia miaka mingi ilikuwa imefungwa waasi walipoingia Uvira. Wakubwa wake walirudi makwao, na pikipiki yake askari waliondoka nayo. Basi akarudi, akaketi mezani na kofia kichwani, akafungua kitabu. Mimi nilikuwa nafagia. Nikageuka nikafagia upande mwingine.

Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri tu, tena kwa masista ambako tulishona zaidi ya kusoma. Mambo ya doktora siyajui. Naandika yale niliyoyaona nyumbani kwangu, hapa Songo, mtaa wa Uvira, na pengine mengine niliyaona vibaya.

Yeye alikuwa agronomi. Bonde lote la Ruzizi lilimjua. Akifika kijijini aliletewa kiti kabla hajasalimia, na watu walikuja kumwonyesha mihogo iliyoshikwa na ugonjwa, kama vile mama anavyomwonyesha daktari mtoto. Projeti ilipokufa, angeweza kulima au kufanya biashara kama wengine. Lakini zamani alikuwa amekatiza masomo ili atulishe, na neno hilo halikumtoka moyoni. Ndevu zake tayari zilikuwa na mvi alipokubaliwa kwenye universite ng'ambo ya mupaka, Bujumbura, aandike teze, yaani kile kitabu kikubwa kinachomfanya muntu aitwe dokta. Nilikubali. Nasema wazi kwamba nilikubali, kwa sababu baadaye watu wa kwetu walidhani nililazimishwa.

Nilifikiri atasoma kama watoto wanavyosoma, anakwenda na kurudi. Kumbe doktora inasomewa nyumbani. Kutwa yuko pale mezani. Jirani zangu waliniuliza kwa sauti ya pole kama baba watoto anagonjwa. Nikawaambia anasoma. "Anasoma nini tena? Si alishamaliza?" Nilikuwa napanga ndakala zangu, wale dagaa wakavu, kwenye sinia za kupeleka soko, na yeye ananiambia harufu inamchanganya. Harufu ile ile ndiyo iliyokuwa inatulisha wakati huo, ila sikumwambia. Naye ana haki, chumba kilikuwa kidogo na harufu kweli ilikuwa kali.

Binti yetu mkubwa alikuwa anajitayarisha kwa mitihani ya mwisho. Taa ya petroli ilikuwa moja. Siku moja niliwasikia wanagombana kama watoto wa tumbo moja. Binti anasema, "Papa, minye niko na examen." Baba yake anajibu, "Na minye pia." Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona haya kucheka.

Kule Bujumbura mambo hayakuwa mepesi kwake. Aliyepewa kazi ya kusahihisha maandishi yake ni kijana aliyewahi kufundishwa naye, siku za projeti, namna ya kupanda pamba kwa kamba. Sasa huyo kijana ndiye anayemchorea mistari myekundu. Kijana alimheshimu sana, alimwita papa, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma. Mtu ambaye watu walimsubiri atie sahihi, sasa anasimama kwenye koridoo kusubiri ya wenzake. Alirudi nyumbani ananyamaza. Mimi ukimya wa mwanamume unaniogopesha kuliko kelele, basi nilikuwa naongea hovyo ili nyumba isinyamaze, na hilo nalo lilimchosha.

Sasa nije kwenye udongo.

Teze yake ilikuwa inataka kujua kwa nini mashamba ya bonde yanazidi kuzaa kidogo. Kwa hiyo profeseri aliyemsimamia alimtaka achote udongo mashambani, akaupime kwenye laboratwari ya kule Bujumbura. Akachagua Kiringye, kwa sababu ni kwetu. Nilizaliwa pale, na kaka yangu mkubwa ana shamba pale mpaka leo. Kaka ndiye aliyempitisha kwa wenye mashamba, mmoja mmoja, akiwaambia huyu ni shemeki yangu, munamujua, ni agronomi. Watu wakakubali. Kaka akamshikia mfuko, bwana yangu akachimba. Kila shamba lilikuwa na sashe yake, yaani kifuko kidogo, na juu ya kila sashe ameandika jina la mwenyewe.

Alipojaribu kuuvusha, askari wa mupaka wakafungua mfuko. Walidhani ni madini. Wakamkalisha kwenye jua nusu siku, na mmoja akamwamuru aonje. Akaonja. Alipotusimulia alikuwa anacheka, watoto nao wakacheka. Mimi niliona midomo yake ilivyopasuka, sikucheka. Akasema ataomba barua yenye muhuri kutoka kwa profeseri ndipo ajaribu tena. Udongo tukauweka chini ya kitanda chetu. Kila nilipofagia nilizunguka ule mfuko kama unavyozunguka mgeni aliyelala.

Juma lile alilovuka kufuata barua, risasi zikasikika upande wa bonde, na mupaka ukafungwa. Hatukuwa na habari yake. Wakati ule watu walikuwa wanaondoka nyumbani wazima na hawarudi, wala hakuna anayekuambia kitu. Nilikwenda soko Rugenge kama kawaida maana watoto wanakula kama kawaida, na niliporudi nikakuta watu wameketi uani kwangu. Walikuwa kaka yangu, baba mukubwa, na shangazi yangu, dada ya baba.

Nilifurahi. Kisha nikaona hawajavua viatu.

Nikapika. Nilisonga bugali, nikatia sombe ya majani ya mihogo na samaki wazuri niliokuwa nimewatenga kuuza. Nikaleta maji ya kunawa. Shangazi akatazama lile beseni kisha akanitazama mimi.

"Weka chini, mwanangu," akasema. "Tutakula tukishasikilizana."

Asiyejua desturi yetu ataona ni jambo dogo. Kwetu wakwe wakifika nyumbani kwa mukwe wao na kukataa chakula, wamekuja na neno zito, na chakula kinabaki pale katikati, kimefunikwa, mpaka neno liishe. Likikataliwa, wanaondoka na njaa yao, na kila watakayempita njiani atajua kwamba wamelala njaa kwa mukwe. Baba mukubwa alikuwa mzee sana. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na mikono inatetemeka, nami sikujua ni uzee au ni njaa.

Shangazi ndiye aliyesema. Bila kupaza sauti alinieleza kwamba siku chache baada ya bwana yangu kuchota udongo, askari walifika Kiringye na mtu mwenye kamba ya kupimia. Wakapiga vijiti kuanzia barabarani mpaka ndani ya mashamba, wakasema hapa pataketi kambi yao. Vijiti vilipita mashamba yale yale yaliyochotwa, si yote, lakini mengi. Kijiji kikasema: mukwe wa fulani alikuja kutupima mbele, askari wakafuata nyuma. Ametuuza.

Nikasema siyo kweli. Nikasema angekuwa amewauzia askari, je, wangemlisha udongo pale mupaka?

"Minye sikuambie iko kweli," shangazi akasema. "Nakuambia vile bantu banasema. Na bantu haba hawakuanza kuogopa jana. Bazungu balikuyaka na basashe vile vile. Minye nilikuwa binti. Balichota, bakacheka na siye, bakatupa watoto sukari. Mwaka ule ule vijiti. Balitupanga mistari, kila muntu na mustari yake ya pamba, na kaburi ya bababu ikabakia mu mustari ya mwengine. Siku ya uhuru baba yako aling'oa bile bijiti yote, tukapikia nayo maharage."

Hilo la maharage nilikuwa nalijua. Nilikuwa mdogo mno kulikumbuka, lakini nyumbani kwetu lilisimuliwa mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo, naona moshi wake. Na baada ya uhuru ulikuja uasi wa kwanza, na karani wa pamba aliyekuwa anaandika mashamba ya watu alitafutwa mpaka mtoni. Sitaandika alivyofanywa. Nataka tu ieleweke kwamba shangazi hakuwa mjinga anayeogopa sashe. Alikuwa ameshaona kinachofuata baada ya sashe.

Na bwana yangu alikuwa amesahau. Au tuseme hakusahau, bali hakuwahi kuwa upande ule. Miaka yote ya kazi alikuwa mtu wa kuleta. Aliwaletea mbegu, dawa, majembe. Hakuwahi kuondoka shambani kwa muntu na kitu mkononi. Alipokuwa mwanafunzi akaanza kuondoka na kitu, na akadhani bado ni yule yule kwa kuwa uso ni ule ule. Mimi niliyezaliwa pale ningemwonya. Wala halikunijia. Nilikuwa najivuna tu kwamba doktora yake inapita kwetu.

Kisha kaka akasema kilichowaleta. Watu wa kijiji wamempa neno moja tu. Udongo urudi mashambani, wote, mbele ya macho ya watu, au yeye ahame Kiringye na watoto wake. Ndiye aliyeshika mfuko.

Niliingia chumbani. Nikapiga magoti, nikavuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda, na wakati navuta nilikuwa nawaza mambo mawili yanayopigana. Huyu ni kaka yangu, ametoka tumbo moja na mimi, na mahali pa kuhamia hapapo, maana kila njia iko na askari wake. Na huu ni udongo wa mtu ambaye labda yuko kwenye jua la mupaka saa hii kwa ajili yake, au amekufa. Nikisema niutoe, naua masomo yake wakati hayupo hata kujitetea. Nikiuacha, naua kaka. Niliubeba uani kwa sababu mikono ilikuwa imeshaubeba.

Shangazi akakataa. Akasema, "Si weye. Mukono yake njo ilichota. Mukono yake njo itarudisha."

Basi tukangoja. Kile chakula kikapoa chini ya kifuniko. Jua lilipozama nikawaomba wanywe hata maji, maji wakakubali. Niliwatandikia mikeka, wakalala hivyo hivyo, nami sikula, kwani ningekulaje? Watoto niliwalisha nyuma ya nyumba kwa kujificha kama wezi. Asubuhi baba mukubwa alishindwa kusimama mara ya kwanza, kaka akamwinua. Nilimwambia shangazi kwamba mzee atatufia hapa. Akaniambia mzee amejua alichokuja kufanya. Siku hiyo nilimchukia, lakini hakula hata yeye.

Bwana yangu alitokea mchana. Walikuwa wamefungua mupaka kwa wanaokwenda kwa miguu. Alikuwa amechafuka na amekonda kwa siku zile chache tu, lakini uso ulikuwa unang'aa, na mkononi ana bahasha. Barua ilikuwa imepatikana, na muhuri, na laboratwari wamekubali kuanza. Alikuwa ameshaanza kuniambia yote hayo kutoka kwenye njia, kisha akawaona wakwe, na ule mfuko katikati ya uwanja kando ya chakula kilichofunikwa. Akawasalimia kwa magoti kidogo, kama mukwe anavyosalimia, akakaa chini kwenye mkeka na si kwenye kiti.

Walimweleza. Akaanza kujibu, na hapo nilisikia yule agronomi wa zamani amerudi. Aliongea vizuri sana. Alieleza chumvi za udongo, na uchachu, na kwa nini mihogo inakuwa midogo, na namna teze itakavyowasaidia watoto wao. Alitoa barua akawaonyesha muhuri. Hakusema uongo hata mmoja, na sauti ilikuwa ile iliyokuwa inaletewa kiti. Wao wakasikiliza mpaka mwisho. Nikaelewa kwamba maneno yake yote yamepita juu ya vichwa vyao kama ndege.

Kaka alikuwa hajamtazama hata mara moja. Sasa akamtazama.

"Shemeki," akasema, "minye njo nilikushikia mufuko. Minye nilibaambia unatusaidia. Weye uko Songo. Minye niko kule, pamoja nabo."

Bwana yangu alikunja ile barua, akairudisha kwenye bahasha, akainuka akaingia chumbani. Alikaa humo muda mrefu. Nilidhani analia, nikaogopa kumfuata. Nilidhani pia ametoka kwa dirisha, wazo la kijinga, lakini nililiwaza. Alipotoka alikuwa amevua viatu vya mjini, amevaa buti. Akauinua mfuko akauweka mbele ya miguu ya baba mukubwa.

"Pasha chakula moto," akaniambia.

Wakala. Baba mukubwa alikula polepole, na shangazi alimtolea samaki miiba kwa vidole. Bwana yangu alinawa akakaa nao, akamega, sikuona kama alimeza.

Kesho yake tukapanda lori la watu wa mihogo wote watano. Kwenye bariyeri moja njiani, askari kijana akafungua mfuko, akachungulia, akauliza kama sisi ni wazima, mbona tunapeleka udongo shambani. Nilimtazama bwana yangu nikakumbuka kwamba huenda akaambiwa aonje tena. Shangazi akawahi kujibu: "Iko yetu, mutoto yangu. Ilikuya tu kutembea mu muji. Sasa inarudi kwabo." Wale askari wakacheka, wakataka sigara, tukapita.

Kiringye walikuwa wametusubiri. Watu hawakututukana, afadhali wangesema kitu. Walitufuata tu kutoka shamba mpaka shamba. Katika kila shamba bwana yangu alisimama, akasoma jina kwenye sashe kwa sauti, mwenyewe akajitokeza, na yeye akaumwaga udongo chini na kuchanganya kwa mkono. Vile vijiti vya askari vilikuwa vimesimama pembeni vikituangalia. Hakuna aliyethubutu kuving'oa safari hii.

Mama mmoja akakataa wake. Akasema huu siyo, udongo wangu iko mweusi, huu ni kama majivu, umebadilisha. Watu wakaanza kusogea. Niliona kaka anatazama nyumba yake. Bwana yangu hakubishana. Aliomba maji, akapewa kwenye kikombe, akamimina kidogo juu ya ule udongo kwenye kiganja chake, akauonyesha. Ulikuwa umekauka tu siku zile chini ya kitanda, na ulipopata maji ukarudi mweusi. Yule mama akauchukua kutoka kiganjani mwake, akaunusa, akasema, "Iko yenyewe."

Mwisho ikabaki sashe ya shamba la kaka. Kaka akamkaribia, akasema chini chini kwamba hii abaki nayo, ni ya kwake, anampa kwa moyo, angalau apate kuanza. Nilikuwa karibu, nilisikia. Na nitakuwa mkweli, nilitamani sana akubali. Sashe moja, ingeingia mfukoni nani angejua? Bwana yangu aliangalia watu waliosimama. Akasoma jina la kaka kwa sauti kubwa kuliko yote, akaumwaga, akapangusa mikono kwenye kaki yake.

Profeseri hakumfokea. Alimwambia angoje bonde litulie ndipo aombe upya, na kwamba jina lake watalishikilia kadiri wanavyoweza. Nadhani alikuwa mtu mwema. Bwana yangu anaendelea kukaa mezani asubuhi, anasoma, anaandika kitu ambacho sijui kama kitafaa bila udongo. Sijamuuliza kama ananilaumu kwa kuwa ni watu wa kwetu walioyasimamisha masomo yake. Siku moja nilianza kuuliza, akasema nimpe chumvi.

Ile kambi ilijengwa. Askari walichukua mashamba waliyotaka kuchukua, yenye udongo uliorudishwa na yasiyochotwa kamwe, kwa hiyo nani alifaidika nini sijui. Shangazi anasema ingekuwa vibaya zaidi. Labda. Kaka yangu hakuhama. Yuko pale pale, analima, na msimu huu alitutumia mihogo kwa lori, na juu ya gunia kuna jina la bwana yangu limeandikwa kwa mkaa, na mbele ya jina ameandika agronomi.